Nusu ekari ya Kayole: pimeni maji kwanza, ruzuku baadaye

Swali: "Mhandisi, habari yako. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana hapa Kayole, Nairobi, tuko watu 23. Kila masika mtaro wa mtaa wetu unafurika na maji yanaingia katika nyumba za upande wa chini. Katikati ya ploti kuna kiwanja kama nusu ekari ambacho kimegeuka jaa la taka. Tungependa kukifanya bustani, watoto wapate pa kuchezea na maji yapungue. Tumesikia kuna fedha za tabianchi zinazotolewa kwa vikundi, lakini hatujui ni nani hasa anazitoa. Jamaa mmoja anataka shilingi elfu 15 atuandikie proposo, yaani andiko la kuomba fedha. Tumpe? Tuanzie wapi?"

Katibu, asante kwa kuniandikia, na nisalimie wenzako wote.

Hizo elfu 15 zikae kwenye akaunti ya kikundi kwanza. Sisemi huyo jamaa ni tapeli. Wapo waandishi wa proposo wanaofanya kazi safi na wanastahili malipo yao. Ila akiandika leo ataandika nini? Hajui maji hupanda hadi wapi kwenye kuta zenu, hajui kiwanja ni cha nani, hajui nani atazoa tope mwaka wa pili, na nyinyi wenyewe bado hamjayaweka hayo kwenye karatasi. Nimeketi kwenye kamati za kuchagua miradi, na niliwahi kusoma maandiko manne kutoka mitaa minne yenye aya moja iliyofanana neno kwa neno. Yote manne yalikosa. Niliumia, kwa sababu mitaa miwili kati ya hiyo naijua, na shida yao ya maji ilikuwa ya kweli kabisa. Na siku mtu atakapowaambia mlipe ada ndipo mfadhili afungue faili yenu, huyo mkimbieni bila kuaga. Mfadhili wa kweli hatozi kikundi pesa ili apokee ombi.

Sasa tuanze na ardhi yenyewe, kisha tufike kwenye pesa.

Jambo la kwanza atakalouliza mfadhili yeyote makini ni hili: kiwanja ni cha nani? Katika mitaa ya Eastlands "kiwanja katikati ya ploti" kinaweza kuwa ardhi ya umma iliyotengwa kwenye ramani ya mtaa kwa ajili ya uwanja, soko au zahanati, na sasa iko chini ya kaunti. Kinaweza pia kuwa ukingo wa mto au njia ya maji ambayo watu wameisahau. Au ni ploti ya mtu mwenye barua ya ugavi, yaani ya kugawiwa ploti, ambaye hajapata pesa za kujenga, na majirani wameizoea ikiwa wazi hadi wakaiona ni ya wote.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilichora bustani ya kikundi kimoja upande huo huo wa mashariki mwa jiji. Nilipima mteremko, nikapima udongo, lakini habari za ardhi niliamini nilivyoambiwa kwenye mkutano. Miche ilikuwa imefika kiunoni asubuhi tingatinga liliposhuka likifuatana na mtu mwenye hati. Kufikia saa nne kokoto tulizolipia zilikuwa zimefunikwa na udongo, na kina mama walikuwa wanang'oa vigingi vya ua kwa mikono ili angalau waokoe mbao. Mfadhili hakukasirika. Alifunga mradi tu, na hakurudi tena mtaa ule. Tangu siku hiyo sishiki kalamu ya kuchora kabla sijaona karatasi.

Kwa hivyo nendeni ofisi ya mipango ya kaunti mkaombe kuona ramani ya mtaa wenu. Mkipata namba ya kipande cha ardhi, fanyeni upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ambao umekuwa ukitumika Nairobi tangu 2021. Chifu na wazee wa mtaa wanajua historia ya kiwanja kuliko kompyuta yoyote, wahojini, lakini neno lao halichukui nafasi ya karatasi. Ikionekana ni ardhi ya umma, ombeni kaunti barua ya kuwaruhusu kuitunza na kuitumia, yenye mipaka na muda. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ina uzito kuliko kurasa 20 za maelezo mazuri. Nairobi haijawahi kuwa na uwanja ulio salama kwa sababu tu ni wa wananchi. Mwaka wa 1989 hata Uhuru Park ilitaka kujengwa jumba la ghorofa 60, hadi Wangari Maathai akasimama.

Ikiwa sehemu ya kiwanja iko kando ya mto, hesabu inabadilika. Kanuni zetu zinataka kuachwe ukingo usiopungua mita 6 na unaoweza kufika mita 30, kulingana na upana wa mto. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zilibomolewa kwa sababu ya mpaka huo. Kwenye ukingo panda, lakini usijenge choo wala kioski, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ijue mnachofanya kabla hamjaanza. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao watataka muhtasari wa mradi. Kwa kazi ndogo kama yenu huo si mlima.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo andiko lenu litakapopita au kuanguka.

Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita mraba 1 inatoa lita 1 ya maji. Hesabu yote inaanzia hapo. Chukua paa la mabati la mita 6 kwa 10. Mvua nzito ya alasiri moja ikileta milimita 40, paa hilo peke yake linamwaga lita 2,400. Hiyo ni mitungi 120 ya lita 20, kutoka nyumba moja, kwa saa moja au mbili. Sasa fikiria hekta 1 ya mtaa wenu, mabati kwa mabati, saruji kwa saruji. Mvua ya milimita 50 inaangusha lita 500,000 hapo, na tuseme asilimia 80 inateremka badala ya kuzama. Ni lita 400,000. Maboza 40 yale ya lita 10,000, yote yakifungua bomba kwa wakati mmoja kwenye mtaro mmoja uliojaa karatasi za plastiki.

Nusu ekari yenu ni kama mita mraba 2,000. Watoto wanahitaji pakavu pa kuchezea, kwa hivyo tuseme nusu yake ndiyo mtaichimba iwe bonde la kina cha sentimita 20. Mita 1,000 mara sentimita 20 ni lita 200,000. Maboza 20. Mengine 20 yatapita kama kawaida.

Usivunjike moyo kwa hesabu hiyo. Itakuokoa. Maandiko mengi yanasema "mradi huu utamaliza tatizo la mafuriko Kayole", na mhandisi yeyote kwenye kamati akifika hapo anaweka kalamu chini. Nyinyi andikeni ukweli: bustani itashika nusu ya maji ya mvua kubwa kutoka hekta moja inayoizunguka, na mvua ndogo, ambazo ndizo nyingi katika mwaka, itazishika zote. Kisha semeni mnachofanya kuhusu nusu iliyobaki: kuzibua mtaro kabla ya Machi, kubadilisha kalvati iliyo nyembamba, kuweka matangi kwenye paa za nyumba zilizo juu. Andiko linalokiri kikomo chake linaaminika katika mengine yote.

Halafu udongo. Upande wenu wa jiji mara nyingi una ule udongo mweusi unaonata, ambao mafundi wa mjengo wanauita "black cotton". Huko Westlands na Karura udongo ni mwekundu, wenye kina, unaonyonya vizuri, na bustani ya mvua iliyochorwa kwa kufuata vitabu vya ng'ambo inafanya kazi bila tabu. Ukiuleta mchoro huo huo Kayole utapata bwawa la mbu. Udongo mweusi una hila yake: Januari na Februari unapasuka nyufa za kuingiza kiganja, ukimwaga ndoo ya maji yanapotea papo hapo, na unadhani umepata udongo bora duniani. Mvua ikiunyeshea siku mbili unafura, nyufa zinafunga, na maji yanakaa juu kama kwenye sahani. Nimewaona watu wenye shahada wakidanganywa na nyufa hizo.

Kwa hivyo mpime hivi. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 40. Lijazeni maji jioni, mliache lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi jazeni tena. Simamisheni rula au kijiti chenye alama, mtazame maji yanashuka kiasi gani kila nusu saa, na kijana mmoja aandike. Fanyeni mashimo matatu, sehemu tofauti za kiwanja, maana mahali palipojaa taka za miaka mingi huwa na tabia yake. Bonde lenu la sentimita 20 linapaswa kukauka ndani ya siku mbili, kwani mbu huhitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka na hatutaki kumpa nafasi hata ya kujaribu. Maji yakishuka chini ya nusu sentimita kwa saa, kuchimba bonde tu hakutoshi. Mtalazimika kuondoa udongo mweusi wa juu, mrudishie mchanganyiko wa mchanga na mboji, chini yake kokoto, na ndani ya kokoto bomba lenye matundu linalotoa maji polepole kwenda mtaroni baada ya mvua kutulia. Ni gharama zaidi, tena nyingi. Ndiyo maana ni lazima mjue kabla ya kuandika bajeti. Na bonde likae mbali na kuta za nyumba. Udongo mweusi ukifura na kusinyaa hupasua msingi. Wengine wanasema mita 3 zinatosha, mimi kwa udongo huo nataka 5.

Kitu kingine ambacho barua yako haikutaja: je, majitaka yanaingia kwenye mtaro huo? Mitaa mingi yenu mabomba yameziba na yanatapika barabarani. Kama ndivyo, maji hayo yasielekezwe mahali watoto wanachezea, hata mpande nini. Pigeni ripoti kwa kampuni ya maji na majitaka ya jiji, muweke nakala, na mradi wenu upokee maji ya paa na ya njia za miguu pekee hadi bomba litengenezwe.

Mimea sitaikawiza. Pandeni vinavyovumilia kuzama Aprili na kiu ya Februari: nyasi za vetiva kwenye miteremko, matete mahali pa chini, miti ya kienyeji pembeni ambako haizami. Nyasi laini za bustani za hoteli ziacheni.

Wakati mnasubiri karatasi za ardhi, fanyeni kazi isiyogharimu kitu. Chukueni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, mkate shingo, muweke saruji kidogo chini iwe sawa, mbandike rula ubavuni. Hicho ni kipima mvua. Kila mvua kubwa, mtu aliyechaguliwa anasoma na kuandika kwenye daftari: tarehe, milimita, maji yalifika wapi. Kwenye kuta za nyumba tano au sita za chini pigeni mstari wa rangi mahali maji yalipofika, na tarehe kando yake. Pigeni picha mkisimama mahali palepale kila mara. Msimu mmoja tu wa masika utawapa daftari ambalo mshauri wa kukodi hawezi kuwatengenezea. Nakumbuka mama mmoja wa Mukuru aliyeleta kwenye mkutano ubao wa mlango wake wa zamani, wenye mistari mitano ya makaa, kila mmoja na mwaka wake. Hakuwa na slaidi wala projekta. Watu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza.

Sasa, nani anatoa pesa?

Nianzie mbali kidogo ili uelewe kwa nini huku kwetu ni vigumu. Jiji la Philadelphia, Marekani, lilianza mwaka wa 2011 mpango wa miaka 25 wa kupunguza maji ya mvua kwa bustani, mitaro ya kijani na lami inayonyonya. Pesa zinatoka kwa wenye majengo wenyewe: anayefunika ardhi yake kwa saruji na lami analipa zaidi kwenye bili, na sehemu ya fedha hizo inarudi kama ruzuku kwa anayekubali kuyashika maji kwenye kiwanja chake. Sisi Nairobi hatuna bili kama hiyo. Ghorofa linajengwa, kiwanja kinafunikwa kuta hadi kuta, maji yanatupwa barabarani, na anayelipa ni aliye chini, kwa godoro lake lililolowa. Naamini siku moja tutafika huko, na nitaendelea kulisema. Kwa sasa fedha zetu zinakuja kwa njia tatu au nne, na kila moja ina mlango wake.

Mlango ambao kikundi kinaweza kubisha chenyewe ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, na pana ruzuku ndogo zaidi ya kupanga, ya hadi dola 5,000, ambayo vikundi vingi havijui hata kwamba ipo. Kwa hali yenu mimi ningeanza na hiyo ndogo: inaweza kulipia upimaji wa udongo, mchoro na mikutano. Someni tangazo kwa makini, kwani kila awamu huchagua maeneo na mada zake, na andiko zuri la mahali pasipotajwa halisomwi. Wanapokea mchango wenu usio wa pesa. Siku 40 za kazi za wanachama, kibanda cha kuhifadhia vifaa, fundi aliyejitolea: vyote vikadirieni kwa shilingi mviandike.

Mlango wa pili ni ule wa FLLoCA, mpango wa Wizara ya Fedha wa kupeleka fedha za tabianchi mashinani. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka wa 2021, na wafadhili wengine wakaongeza. Watu wengi wanaposema "fedha za tabianchi" huwa wanamaanisha huu, na hapa ndipo wanapopoteza nauli, maana kikundi hakipeleki ombi kwa wizara. Fedha zinapitia kaunti, na miradi inachaguliwa kutokana na tathmini ya hatari inayofanywa na wananchi, kupitia kamati za tabianchi za wadi. Kwa hivyo kazi yenu si kuandika proposo. Kazi yenu ni kujua kamati ya wadi yenu ni akina nani, inakaa lini, na kuwa kwenye chumba hicho na lile daftari la mvua mkononi. Bila nyinyi itaandikwa "uboreshaji wa mazingira" na pesa zitakwenda kununua miche ya kupandwa siku moja mbele ya kamera.

Unaofuata ni bajeti ya kaunti yenyewe, ambayo nadhani ndiyo yenye pesa nyingi zaidi kwa mtaro wenu kuliko mfadhili yeyote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti yanawasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkifika Mei kulalamika, chakula kimeshagawanywa. Pelekeni ombi la maandishi mwezi Julai au Agosti, kwa mwakilishi wadi na kwa idara husika, mkiomba kitu kimoja kinachopimika: kalvati ya upana fulani, mtaro wa mita kadhaa, kutoka nyumba fulani hadi fulani. Muombe nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na mnajua habari za mito. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa 2022, na Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa shilingi bilioni 50 wa kufufua mito ya jiji. Hiyo ni kazi ya ujenzi na vibarua, sio ruzuku ya kuombwa na kikundi. Lakini mkijua kipande cha mto kilicho chini yenu kinafanyiwa nini, mtaweza kuandika kwamba bustani yenu inapunguza taka na tope kabla havijafika huko. Mfadhili hupenda kuona pesa zake zimeegemea kitu kinachoendelea.

Wakfu za kampuni na benki pia hutoa, zaidi kwa miche, madawati na viti. Hao waacheni wawe nyongeza. Wakiwa msingi, mtajikuta mnapanda kile wanachotaka kupigia picha.

Sasa tope.

Maji yakiingia bondeni yanakuja na tope, vifuko, chupa, nepi. Baada ya msimu mmoja mlango wa maji unaziba, na maji yanageuka kutafuta nyumba. Nikiulizwa kwa nini bustani nyingi za aina hii hufa Nairobi, sitataja ukosefu wa fedha za kujenga. Zinakufa kwa kukosa reki na mtu wa kuishika. Angalia hata pale Michuki Park, kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Waziri John Michuki aliokoa mahali pale kutoka gereji na taka mwaka wa 2008. Miaka ilivyopita pakarudi kuchoka, hadi 2020 pakalazimika kufufuliwa upya. Ikiwa serikali yenye askari na magari inaweza kupitiwa na hilo, kikundi cha watu 23 kinahitaji mpango ulioandikwa.

Andikeni hivi, kwa mfano: watu wawili, siku mbili kila mwezi, shilingi 800 kwa siku. Ni shilingi 3,200 kwa mwezi, 38,400 kwa mwaka. Ongezeni glavu, reki mbili, toroli, na gari la kubeba tope mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Halafu jibuni zitatoka wapi mfadhili akishaondoka, kwa sababu wengi hawalipii matengenezo baada ya mradi kufungwa. Kibera kuna mfano wa kutembelea. Shirika la Kounkuey Design Initiative na vikundi vya wakazi wamejenga maeneo ya wazi zaidi ya 10 kando ya mto na mitaro yake, na katika maeneo hayo wamechanganya uwanja na vitu vinavyoingiza pesa kama vyoo, vioski na mahali pa kufulia, chini ya kikundi cha wakazi wenyewe. Korogocho nako, vijana wa Komb Green wamegeuza jaa la kando ya mto kuwa bustani ya watu. Pandeni matatu mkawaone. Waulizeni walichokosea, hilo ndilo mtakalojifunza zaidi. Kwenu naona kitalu cha miche, au kukodisha viti na hema kwenye ile nusu iliyo kavu. Kuosha magari msikubali, mafuta na sabuni vitaishia kwenye bonde.

Karatasi za kikundi nitazipitia haraka. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ambacho mnapata kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Katiba ya kikundi. PIN ya KRA. Akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na mmoja wao asiwe na ujamaa na wengine. Kumbukumbu za mikutano ya angalau mwaka mmoja, zenye sahihi. Vikundi vingi huanguka kwenye hizo kumbukumbu: mwenyekiti anaamua kwa simu, na hakuna kilichoandikwa. Wewe ndiwe katibu, hiyo iko mikononi mwako. Kama kiasi mnachoomba kinazidi uwezo wenu wa hesabu, shirika kubwa zaidi linaweza kuwapokelea fedha. Fanyeni hivyo kwa mkataba unaosema wanakata asilimia ngapi na wanawapa taarifa kila baada ya muda gani. Nimeona kikundi kikipokea theluthi mbili ya pesa zake bila kujua nyingine ilikoenda, na hakikuwa na karatasi ya kuuliza.

Mkishakuwa na karatasi ya ardhi, daftari la mvua, matokeo ya mashimo matatu na hesabu ya tope, ndipo mumuite yule jamaa wa elfu 15 kama mnamhitaji. Nadhani mtagundua mnaweza kuandika wenyewe. Ukurasa wa kwanza uanze na maji, kwa mfano hivi: "Katika mvua ya usiku wa tarehe fulani, milimita 46, maji yaliingia nyumba 11 na kufika sentimita 30 kutoka sakafuni. Watoto wanne walilala shuleni." Nambari ziwe zenu, za daftari lenu. Halafu kiwanja, barua ya kaunti, mchoro, bajeti, na majina ya wanaoshika reki.

Kwa mpangilio wa mwaka, vuli huanza Oktoba. Kabla ya hapo kateni ile chupa, na mpige mistari kwenye kuta. Mashimo chimbeni vuli ikishaanza, udongo ukiwa umelowa na kufura, ndipo utawaambia ukweli. Niandikie maji yalishuka sentimita ngapi kwa saa katika kila shimo, unitumie na picha ya kiwanja ukisimama upande wa juu ukitazama mtaro. Mchoro wa kwanza nitauchora mimi, bila malipo, lakini baada ya kuiona hiyo barua ya ardhi.